Mchungaji Aliyebaki na Kundi

Sisi tuliovuka daraja la Rusizi I tunamkumbuka Christophe Munzihirwa, Askofu Mkuu wa Bukavu. Alizaliwa mwaka 1926, akapewa upadre 1958. Mwaka 1971 serikali ilipowaingiza wanafunzi jeshini kwa nguvu, aliomba kuingia pamoja nao. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walipofika Bukavu, aliwatetea. Oktoba 1996 vita vilipofika mjini, wakubwa wa serikali walikimbia. Yeye alibaki, akawatuliza watu. Tarehe 29 aliuawa pale Nyawera.

Hatumhukumu aliyekimbia, maana nasi tulikimbia. Lakini kila aliyepewa kundi hapa kambini, hata la kwaya, ajiulize: siku ya hatari kondoo watamwona wapi?