Beethoven: tumbo lilijaa maji, misuli ikaisha

Msomaji wa Iringa au Mbeya, kama kanisani kwenu kuna kwaya au matarumbeta, huenda umewahi kuusikia ule wimbo wa furaha uliotoka katika simfonia ya tisa ya Ludwig van Beethoven. Mtunzi huyu alizaliwa Bonn, Ujerumani, mwaka 1770. Wengi wanamkumbuka kwa uziwi wake, lakini ugonjwa uliomwua ulikuwa wa ini.

Baba yake alikuwa mlevi, na yeye mwenyewe alipenda mvinyo. Mwaka 1821 ngozi na macho yake viligeuka rangi ya manjano. Uchunguzi wa nywele zake uliotangazwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa alikuwa na virusi vya homa ya ini B, na tena alirithi vinasaba vinavyoongeza hatari ya ini kuharibika.

Desemba 1826, akiwa Vienna, tumbo lilijaa maji. Hadi Februari alikuwa ametobolewa mara 4 kuyatoa. Daktari mmoja alimruhusu kinywaji cha barafu chenye pombe, akachangamka siku chache tu. (Wewe mwenye ugonjwa wa ini usiguse pombe, iwe ulanzi au komoni.) Alifariki Machi 26, 1827, akiwa na miaka 56. Waliompasua kesho yake walikuta ini limesinyaa kufikia nusu, gumu, lina vinundu. Mwili ulikuwa umekonda sana, hasa mikono na miguu.

Hiyo mikono na miguu ndiyo nataka uiangalie kwa mgonjwa wako. Ini zima huweka akiba ya sukari ya kutumika usiku. Ini lililosinyaa halina akiba ya kutosha, hivyo kabla ya kupambazuka mwili huanza kula misuli yake wenyewe. Mizani haitakuambia, kwa sababu maji ya tumboni yana uzito. Shika mapaja yake. Mtazame anavyoinuka kwenye kigoda, kama anaweza bila kujishikilia.

Wapo wanaomnyima mgonjwa maharage, mayai na maziwa wakidhani vinalichosha ini. Wanazidi kummaliza. Mwenye kilo 60 kwa kawaida anahitaji gramu 72 hadi 90 za protini kwa siku. Mpe maharage, njegere, mayai, maziwa na samaki, chumvi iwe kidogo, kwa milo midogo mingi. Asilale na njaa: uji wa maziwa au viazi na maharage kabla ya kulala, na asubuhi ale mapema. Akianza kuchanganyikiwa mpeleke hospitali haraka, usimkatie chakula.

Beethoven hakuwa na chanjo ya homa ya ini B. Mtoto wako anayo, kliniki, akiwa na wiki 6, 10 na 14. Na kama wewe una virusi hivyo, mwenzi wako na watoto wote wapimwe.