Nabongo Mumia na Gharama ya Kujikinga

Nabongo Mumia alipokikalia kiti cha ufalme wa Wanga mnamo mwaka 1882, baada ya kufariki kwa babake Shiundu, alirithi fahari kubwa na mipaka isiyotulia. Kusini, Wajaluo wa Ugenya walikuwa wakizidi kusonga mbele. Kaskazini walikuwako Wabukusu na ngome zao, na mashariki Wanandi, tishio la kila mfugaji. Wawanga peke yao hawakutosha kuwakabili wote hao.

Shiundu alikuwa amekwisha kuonyesha njia kwa kuwatumia Wamasai wa Uasin Gishu kama wapiganaji wa kukodi. Mumia aliongeza Waswahili na Waarabu wa misafara, ambao waliletea Wanga bunduki. Makao yake ya Elureko yakawa kituo katika njia ya Buganda. Joseph Thomson alipita mwaka 1883, na Askofu James Hannington mwaka 1885, katika safari iliyokatizwa na mauti yake kule Busoga.

Kwa hivyo Waingereza walipojenga kituo Elureko mwaka 1894, Mumia hakuwa na sababu ya kuwaona tofauti na wageni waliotangulia. Mwaka 1895 Wawanga walipigana upande wa Waingereza na askari wao Wasudani dhidi ya Wabukusu huko Lumboka na Chetambe. Ngome zikaanguka, watu wengi wakafa. Mgeni njoo mwenyeji apone: mwenyeji alipona kweli, ila mgeni hakuondoka.

Mwaka 1909 Mumia alifanywa chifu mkuu, na jamaa zake wakapelekwa kutawala jamii ambazo Wanga haikuwahi kuzishinda yenyewe. Nduguye Murunga alitawala Wabukusu, jambo lililozaa chuki ya miaka mingi. Mamlaka hayo yalikuwa ya kuazimwa. Mwaka 1920 makao makuu ya wilaya yalihamishiwa Kakamega, na mwaka 1926 Mumia akastaafishwa.

Je, alikosea? Anayelitazama swali hili kutoka Kiptere hana budi kusita kumlaumu. Wakipsigis wa Sotik walivamiwa na jeshi la Waingereza mwaka 1905, na sehemu kubwa ya ardhi nzuri ya Kericho ikaishia kuwa mashamba ya chai ya wageni. Wawanga walibaki na ardhi yao.

Mumia alifariki mwaka 1949, mzee sana, katika mji ambao Waingereza walikuwa wameuita kwa jina lake.