Benjamin Boardley, mtumwa aliyetengeneza mashini ya boti akanunua uhuru wake

Watu wakizungumza juu ya mashini za mvuke, majina yanayotajwa ni yale yale: James Watt wa Scotland, Robert Fulton wa Marekani. Jina la Benjamin Boardley halisikiki sana huku mashariki ya Congo. Lakini kwa Wamarekani weusi, linarudi mara nyingi wakati wanahesabu wavumbuzi wao wa zamani. Boardley alizaliwa mtumwa. Hakukaa darasani kama mwanafunzi hata siku moja. Alitengeneza kwa mikono yake mashini ndogo ya mvuke, kisha akatengeneza ingine kubwa yenye nguvu ya kusukuma boti ya jeshi la maji. Sheria ilimkatalia kuandikisha mashini hiyo kwa jina lake. Lakini ni mashini hiyo iliyomsaidia kutoka utumwani.

Alizaliwa katika miaka ya 1830, katika wilaya ya Anne Arundel, jimbo la Maryland. Ni jimbo la pwani, lenye ghuba kubwa ya Chesapeake, na mji wake mkuu ni Annapolis. Wakati ule Maryland ilikuwa jimbo la utumwa. Mtumwa alikuwa mali ya bwana wake sawa vile ng'ombe au shamba. Bwana aliweza kumuuza, kumrithisha watoto, ao kumkodisha kwa mtu mwingine, na mshahara wa ile kazi ulikuwa wa bwana.

Boardley akiwa kijana aliwekwa kazini katika kiwanda cha kuchapa maandiko. Pale ndipo watu walianza kuona kama mikono yake haikuwa ya kawaida. Akiwa na umri wa miaka karibu 16, alitengeneza mashini ndogo ya mvuke. Hakuwa na feza za kununua vyuma vipya. Alitumia kipande cha mtutu wa bunduki, madini laini yenye bati ndani, yale ambayo wazungu walitumia kutengeneza sahani na vikombe, vipande vya chuma cha mviringo, na vitu vingine vilivyotupwa.

Fundi yeyote ataelewa juu ya nini vitu hivyo vilifaa. Mtutu wa bunduki ni bomba lililonyooka ndani, na limetengenezwa ili kuvumilia nguvu ya baruti bila kupasuka. Yale madini ya sahani yanayeyuka kwa moto mdogo, hata jiko la nyumbani linatosha, na yanaweza kumiminwa katika umbo lolote. Asiyekuwa na kiwanda cha chuma, hivyo ndivyo vitu angeweza kupata.

Lakini kupata vyuma ni mwanzo tu wa kazi. Mashini ya mvuke, hata ikiwa ndogo ya kuwekwa juu ya meza, haina huruma na fundi mvivu. Maji yanachemka ndani ya chungu kilichofungwa. Mvuke unatoka kwa nguvu na kuingia ndani ya silinda, unasukuma pistoni kwenda upande moja, kisha kifuniko kidogo kinageuza njia ya mvuke na pistoni inarudi. Kwenda na kurudi huko kunazungusha gurudumu. Kama pistoni inabana sana, mashini inakwama. Kama imelegea, mvuke unapita pembeni na nguvu inapotea. Kama chungu ni dhaifu, kinapasuka na kuunguza watu. Kijana wa miaka 16, bila kitabu na bila mwalimu wa fundi, alifikia kuvipatanisha vyote hivyo, na mashini ikatembea.

Bwana wake alipoona kazi hiyo, alimpatia kazi ingine, katika shule kubwa ya maofisa wa jeshi la maji la Marekani, iliyofunguliwa hapo Annapolis mwaka wa 1845. Boardley aliwekwa katika idara ya sayansi. Alikuwa anatayarisha vyombo vya majaribio mbele ya profesa kuingia darasani, hata majaribio ya gesi, ambayo ukikosea kidogo yanaleta hatari. Maprofesa walishangaa kuona kama hakuridhika na kupanga vyombo tu. Alitaka kujua kitu kinafanya hivyo kwa sababu gani.

Kazi ile ilikuwa na mshahara, lakini sehemu kubwa ilienda kwa bwana wake. Yeye Boardley aliachiwa dola 5 kwa mwezi.

Katika nyumba ya profesa mmoja, watoto wa profesa ndio walimfundisha kusoma na kuandika. Jambo hilo si dogo. Katika majimbo kadhaa ya kusini, kumfundisha mtumwa kusoma kulikatazwa na sheria. Maryland haikuwa na sheria hiyo, lakini mabwana wengi hawakupenda kabisa, juu waliogopa mtumwa mwenye kusoma. Boardley alisonga mbele mpaka kufikia aljebra na jiometri, yale masomo ambayo maofisa vijana walikuwa wakitolea jasho darasani.

Ile mashini yake ya kwanza aliiuzisha kwa mwanafunzi mmoja wa shule hiyo. Feza hizo, pamoja na zile dola 5 alizokuwa anaweka akiba, hakuzila. Alinunua vyuma na kuanza mashini ya pili, kubwa zaidi. Manowari za wakati ule zilibeba boti ndogo pembeni, za kupeleka watu na mizigo pwani, na boti hizo zilitembea kwa makasia ao kwa tanga. Mashini mpya ya Boardley ilikuwa na nguvu ya kusukuma boti kama hiyo. Mtumwa aliyeanza na mabaki ya vyuma alikuwa sasa amefikia kazi ya kweli juu ya maji.

Mtu huru angefanya nini nyuma ya hapo? Angeenda kutafuta hati ya uvumbuzi, ile karatasi ya serikali yenye kusema kama kitu hiki ni cha fulani na mwingine asikiige bila ruhusa. Kwa Boardley mlango huo ulifungwa. Mwaka wa 1857, mahakama kuu ya Marekani, katika kesi ya Dred Scott, iliamua kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani. Mwaka wa 1858, mshauri mkuu wa sheria wa serikali alisema wazi kwamba uvumbuzi wa mtumwa hauwezi kupewa hati: mtumwa mwenyewe hawezi kuiomba, na bwana wake pia hawezi, kwa sababu si yeye aliyevumbua. Kwa hiyo akili ya mtumwa ilikuwa haina mwenyewe mbele ya sheria, ijapokuwa mwili wake ulikuwa na mwenyewe.

Boardley alibakia na njia moja: kuuzisha mashini yenyewe. Bei ya uhuru wake ilikuwa dola 1000. Kwa dola 5 kila mwezi, bila kula hata senti moja, angehitaji miezi 200, ni kusema zaidi ya miaka 16. Mashini ndiyo ilifupisha njia. Tarehe 30 Septemba 1859 hati ya kumwachilia iliandikwa, na Benjamin Boardley akawa mtu huru.

Mtu anaweza kuuliza kama ilikuwa faida. Miaka 5 tu nyuma yake, tarehe 1 Novemba 1864, katikati ya vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, Maryland ilifuta utumwa, na watumwa wote wakawa huru bila kulipa kitu. Lakini mwaka wa 1859 hakuna aliyejua kama vita itakuja, wala nani ataishinda. Boardley hakungojea.

Hata jina lake halikusalimika. Kwa muda mrefu lilikuwa likiandikwa Bradley, na wengi walirudilia kosa hilo mpaka watafiti walipochunguza upya maandiko ya zamani na kukuta Boardley. Hati ya uvumbuzi ingelitunza jina na kazi pamoja, lakini hakupewa. Karatasi iliyohifadhi habari yake mbele ya sheria ni ile ya kuachiliwa kwake. Iliyobaki ni kazi yenyewe: mtutu wa bunduki, madini ya sahani, maji na moto, na kijana aliyejua namna ya kuvipatanisha.