Hashimoto ni nani? Daktari aliyeupa jina ugonjwa wa tezi ya shingo

Mama, ukiambiwa hospitalini kwamba una ugonjwa wa Hashimoto, fahamu kwamba hilo ni jina la mtu.

Hakaru Hashimoto alizaliwa mwaka 1881 katika mkoa wa Mie, Japani, kwenye familia ya madaktari. Alisomea udaktari mjini Fukuoka, akahitimu mwaka 1907, kisha akafanya kazi katika idara ya upasuaji.

Huko alichunguza kwa hadubini tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo, kutoka kwa wanawake wanne waliopasuliwa uvimbe. Alikuta tezi zimejaa seli nyeupe za kinga, seli za tezi zimebadilika, na sehemu nyingine zimekuwa kama kovu. Mwaka 1912 alichapisha ripoti kwa Kijerumani, akieleza kwamba huu ni ugonjwa wa pekee.

Wataalamu wengi hawakukubali. Walidhani ni mwanzo tu wa ugonjwa mwingine wa tezi uliokwisha kujulikana. Hashimoto alikwenda Ujerumani kujiendeleza, lakini Vita Kuu ya Kwanza vikamkatiza. Alirudi kwao akawatibu watu wa mji wake, hadi alipofariki mwaka 1934 kwa homa ya matumbo, akiwa na miaka 52.

Mwaka 1956 watafiti wa London waligundua kwamba katika ugonjwa huu kinga ya mwili hushambulia tezi ya mtu mwenyewe. Seli nyeupe alizoziona Hashimoto zikapata maelezo.

Kwa nini jambo hili linakuhusu? Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake. Tezi ikidhoofika, unaweza kuchoka kupita kiasi, kuhisi baridi, kuongezeka uzito, kupata choo kigumu, ngozi kavu, huzuni au hedhi kuvurugika. Ndugu wanaweza kudhani ni uvivu, au ni uchovu wa kulea tu. Usinyamaze. Nenda kituo cha afya, ueleze dalili zote na uulize kuhusu kipimo cha damu cha thairoidi.

Tiba ipo: kidonge cha kila siku kinachoziba pengo la homoni. Ukiwa mjamzito, mwambie mkunga mapema, kwa sababu ubongo wa mtoto tumboni huhitaji homoni hiyo. Usiache dawa bila kuzungumza na daktari, hata ukijisikia vizuri.