Mchungaji Johannes Rebmann (1820–1876): Mtumishi Aliyeongozwa kwa Mkono

Katika sura hii ya huduma kwa wagonjwa tunawakumbuka ndugu na jirani zetu wa Mohoro na vijiji vya bonde la Rufiji waliopatwa na kiharusi, wakajikuta mkono hauinuki na ulimi hautamki. Kwa ajili yao, na kwa wale wanaowauguza, tunasimulia maisha ya mtumishi mmoja wa zamani. Yeye hakupatwa na kiharusi bali upofu. Lakini aliyajua vema majonzi ya mtu mzima anayelazimika kuongozwa kama mtoto.

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, Ujerumani, katika nchi ya Kilutheri ya Württemberg. Baada ya masomo ya Basel alitumwa na CMS, shirika la misioni la Kanisa la Uingereza, akawasili Mombasa mwaka 1846 na kuungana na Ludwig Krapf katika kazi ya Rabai. Tarehe 11 Mei 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro. Alipoitangaza habari hiyo, wapo wataalamu wa London, wasiopata kuuona mlima huo, waliodai kwamba macho yake yamemdanganya.

Macho hayohayo ndiyo yaliyokuja kumwacha. Kabla ya hapo alikwisha kupata misiba mingine: mtoto wake alifariki akingali mchanga, Krapf alirudi Ulaya mwaka 1853 kwa sababu ya afya, na mwaka 1866 mkewe Emma akafariki. Rebmann alibaki Rabai akikusanya maneno ya Kiswahili, Kinyika na Kinyanja, huku nuru ikififia. Sir Bartle Frere alipomtembelea mwaka 1873 alimkuta karibu kipofu, angali na maandiko yake ya kamusi.

Faraja ilitoka kwa wale aliowahudumia. Mwaka 1875, baada ya miaka 29, Rebmann aliondoka kurudi kwao akiongozwa na Isaac Nyondo, mwana wa Rabai, aliyekuwa macho yake safarini. Huko Korntal aliishi karibu na Krapf, akaoa tena, na akafariki tarehe 4 Oktoba 1876. Kamusi yake ya Kinyanja ilichapishwa mwaka 1877 kwa usimamizi wa Krapf. Kazi aliyoianza mwenye macho, rafiki yake aliikamilisha.

Wapendwa, tumaini la Rebmann halikuwa katika kupona tu, bali katika kutoachwa. Mgonjwa wa kiharusi ana nafasi ambayo yeye hakuwa nayo: mara nyingi viungo hurudiwa na nguvu kwa tiba na mazoezi, hasa yakianza mapema. Lakini mazoezi huchosha, na aliyelemewa na huzuni huyaacha. Kwa hiyo tusifike kwake kwa sala ya haraka na kuondoka. Tumshike mkono apige hatua kumi uani. Tumngoje amalize neno lake bila kumkatiza. Tumpe kazi aiwezayo, na ile iliyomshinda tuimalize pamoja naye. Hiyo ndiyo huduma aliyoitenda Nyondo, nayo haihitaji shahada wala fedha.