George Vincent Fosbery

George Vincent Fosbery (1832 – 8 Mei 1907) alikuwa afisa wa jeshi na mbunifu wa silaha kutoka Uingereza. Anakumbukwa kwa mambo mawili yaliyopishana kwa zaidi ya miaka thelathini. La kwanza ni nishani ya Msalaba wa Victoria aliyoipata kwa mapigano ya mwaka 1863 katika milima ya kaskazini-magharibi mwa Uhindi wa wakati ule. La pili ni bastola ya Webley-Fosbery, ambayo ilitumia teke la risasi kuzungusha silinda yake na kuinua nyundo yake bila msaada wa kidole. Jeshi la Uingereza halikuichukua rasmi kamwe, lakini kati ya bastola za aina hiyo ni hiyo tu iliyopata wanunuzi wa maana.

Maisha ya jeshini

Fosbery alizaliwa karibu na mji wa Devizes, Wiltshire. Mwaka 1852, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, alijiunga na jeshi la Bengal nchini Uhindi, na sehemu kubwa ya maisha yake ya utumishi aliipitisha huko.

Mwaka 1863 serikali ya Uingereza nchini Uhindi ilituma kikosi katika bonde la Ambela kupigana na makabila ya Wapashto na washirika wao. Eneo hilo leo liko Pakistan. Kikosi kilikwama katika njia ya mlimani kwa wiki nyingi. Juu ya njia hiyo kulikuwa na jabali ambalo Waingereza walilifanya kituo cha ulinzi, na ambalo lilitekwa na kukombolewa mara tatu. Aliyekaa juu yake aliweza kuwapiga risasi waliokuwa kambini chini.

Tarehe 30 Oktoba 1863 walinzi wa jabali walifukuzwa, na Fosbery, wakati huo luteni, aliongoza kundi la askari kulikomboa. Njia ilikuwa nyembamba kiasi kwamba watu wawili tu, au hata mmoja, waliweza kupita kwa wakati mmoja. Luteni Henry William Pitcher alipanda na kundi lingine kwa njia ya pili. Fosbery alikuwa wa kwanza kufika kileleni kwa upande wake, na wapiganaji wapatao 60 wa upande wa pili waliuawa katika mapambano ya ana kwa ana. Maafisa wote wawili walipewa Msalaba wa Victoria.

Risasi za kulipuka

Katika vita hivyohivyo Fosbery alikuwa na kazi nyingine isiyotajwa mara nyingi. Aliongoza walengaji waliochaguliwa, waliopewa risasi zenye kulipuka zinapogonga kitu. Kusudi lililotajwa lilikuwa kupima umbali: moshi wa mlipuko ulimwonyesha mpigaji mahali risasi ilipoangukia. Hata hivyo, risasi inayoonyesha umbali ikigonga mwamba hulipuka pia ikimgonga mtu, na jambo hili lilizua mjadala mkali Ulaya.

Mwaka 1868 wajumbe wa mataifa, Uingereza ikiwemo, walitia sahihi Tamko la Saint Petersburg, lililopiga marufuku matumizi ya risasi za kulipuka zenye uzito wa chini ya gramu 400 katika vita baina yao. Maneno “baina yao” yafaa kuzingatiwa. Makabila ya milima ya Ambela hayakuwa na mjumbe katika mkutano ule, na marufuku haikuwahusu.

Baada ya hapo Fosbery aligeukia bunduki za mashine, na alikuwa miongoni mwa maafisa wa mwanzo wa Uingereza kuzitetea. Alistaafu mwaka 1877 akiwa na cheo cha luteni kanali, na kuanzia hapo muda wake aliutumia kwenye ubunifu.

Bunduki ya Paradox

Mwaka 1885 alipata hataza ya bunduki aliyoiita Paradox. Mwindaji wa siku zile alilazimika kubeba bunduki mbili. Ya marisau, kwa ajili ya ndege, ilikuwa na mtutu laini ndani. Ya risasi moja, kwa ajili ya wanyama wakubwa, ilikuwa na mtutu wenye mifuo ya kuizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Marisau yakipita kwenye mtutu wenye mifuo urefu wote hutawanyika ovyo, na risasi moja ikipita kwenye mtutu laini haina shabaha ya kutegemewa.

Fosbery aliacha mtutu laini karibu urefu wote na kuweka mifuo mdomoni tu, sentimita chache za mwisho. Kipande hicho kifupi kilitosha kuizungusha risasi bila kuyaharibu marisau. Kampuni ya Holland & Holland ya London iliichukua hataza hiyo, na bunduki za Paradox zilipendwa na wawindaji wa Uhindi na Afrika. Kwa upande wa biashara, huu ndio ubunifu wake uliofaulu zaidi.

Kazi ya kidole katika revolva

Revolva ni bastola yenye silinda ya matundu, kwa kawaida sita, na kila tundu hubeba risasi moja. Ili ipigwe, mambo mawili lazima yatokee: tundu jipya lisimame nyuma ya mtutu, na nyundo inayogonga risasi ivutwe nyuma. Katika revolva ya Samuel Colt, aliyoipatia hataza Marekani mwaka 1836, mambo yote mawili hufanywa na dole gumba. Linapovuta nyundo, kidole cha chuma kilichounganishwa nayo husukuma meno yaliyo nyuma ya silinda, na silinda huzunguka hatua moja. Baadaye zikaja revolva ambazo kifyatulio chenyewe hufanya kazi hiyo kinapovutwa. Ni za haraka zaidi, lakini kifyatulio chake ni kizito, na mkono unaovuta kwa nguvu hupoteza shabaha.

Wakati huohuo, kila risasi inapotoka huisukuma silaha nyuma, yaani bunduki hupiga teke. Katika revolva ya kawaida nguvu hiyo huishia mkononi mwa mpigaji na kumsumbua tu. Hiram Maxim alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1884 kwamba inaweza kufanyishwa kazi: bunduki yake ya mashine, ya aina iliyoitwa bombomu katika Kiswahili cha zamani, ilijijaza yenyewe kwa teke la kila risasi. Fosbery aliamua kufanya vivyo hivyo kwa bastola, bila kuiacha silinda. Hataza yake ya kwanza ni ya Agosti 1895, alipokuwa na umri wa miaka 63. Jaribio la mwanzo lilikuwa revolva ya Colt iliyorekebishwa, kisha akahamia kwenye revolva za kampuni ya Webley ya Birmingham.

Jinsi Webley-Fosbery inavyofanya kazi

Bastola hii imegawanyika sehemu mbili. Ya chini ni mpini na kifyatulio, nayo hubaki imetulia mkononi. Ya juu ni mtutu, silinda na nyundo, na yote hayo huteleza kwa pamoja mbele na nyuma juu ya sehemu ya chini, kama droo ya meza.

Siri iko kwenye silinda. Upande wake wa nje umechongwa mifereji inayokwenda kwa mshazari, juu na chini, ikiizunguka silinda nzima mithili ya ukindu uliosukwa. Pini ya chuma iliyokazwa kwenye sehemu ya chini huingia ndani ya mfereji. Risasi inapotoka, sehemu ya juu huteleza nyuma na nyundo huinuliwa. Kwa kuwa pini haisogei na mfereji umelala mshazari, silinda hulazimika kuzunguka nusu ya hatua. Kisha springi iliyo ndani ya mpini husukuma sehemu ya juu irudi mbele, pini hufuata mshazari wa pili, na silinda humalizia nusu iliyobaki. Kwa silinda ya matundu sita, hizo ni nyuzi 30 wakati wa kwenda na nyuzi 30 wakati wa kurudi. Mpigaji huvuta tena kifyatulio chepesi, basi.

Mifereji ya mshazari haikuwa mpya. Revolva ya Mjerumani Peter Paul Mauser ya mwaka 1878 ilikuwa nayo, ila humo pini ndiyo iliyosogezwa, kwa nguvu ya kidole. Fosbery aliitumia kwa nguvu ya risasi yenyewe.

Kwa kuwa nyundo hubaki imeinuliwa baada ya kila risasi, Webley-Fosbery iliwekewa kizuizi cha usalama upande wa kushoto, kitu kisicho cha kawaida kwa revolva. Ilihitaji pia mkono imara. Mpini ukishikwa kwa ulegevu, bastola nzima hurudi nyuma pamoja na sehemu ya juu, mtelezo haukamiliki na silinda husimama katikati ya hatua.

Mauzo na matumizi

Webley waliitoa sokoni mwaka 1901. Kulikuwa na aina kubwa ya risasi sita, iliyotumia risasi za .455 za jeshi la Uingereza, na aina ndogo ya .38 yenye risasi nane. Walengaji wa mashindano waliipenda, kwa sababu kifyatulio kilikuwa chepesi na teke lilipungua mkononi. Mwaka 1902 mlengaji Mmarekani Walter Winans alipiga risasi sita kwa muda wa sekunde saba hivi, umbali wa hatua 12, zote ndani ya duara la inchi mbili.

Maafisa wa Uingereza walijinunulia bastola zao wenyewe mradi zitumie risasi za jeshi, hivyo baadhi yao walikwenda na Webley-Fosbery katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Lakini silaha ambayo nusu yake ni lazima iteleze, na ambayo mifereji yake iko wazi, si ya kupelekwa kwenye mahandaki yenye tope. Ilikuwa nzito pia, zaidi ya kilo moja kabla ya kujazwa. Zaidi ya yote ilichelewa. Bastola za Mauser na Browning zilizojaza risasi kutoka kwenye magazini zilikuwa tayari zimeingia sokoni, nazo zilitumia teke hilohilo bila silinda. Webley waliacha kuitengeneza baada ya kuuza elfu chache tu.

Fosbery hakuyaona hayo. Alifariki mjini Bath tarehe 8 Mei 1907.

Jina lake lilirudi midomoni mwa watu kwa njia ya riwaya. Katika The Maltese Falcon ya Dashiell Hammett (1930), mshirika wa mpelelezi Sam Spade anauawa kwa Webley-Fosbery ya .38 yenye risasi nane. Filamu ya mwaka 1941 iliichanganya: iliitaja kuwa ya .45 lakini ikaiachia risasi nane, bastola ambayo Webley hawakuitengeneza kamwe.