Habib Saleh na chuo chake cha Langoni

Mwenda Lamu siku za mwisho za Mfungo Sita hukuta mji umefurika wageni, hata barazani hapana pa kuketi. Wengi wao, ukiwauliza wamefuata nini, hukwambia wamekuja kwa Habib Saleh. Husema hivyo kama kwamba mwenye nyumba yu hai, naye amelala kaburini tangu katikati ya miaka ya 1930, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nimeona niwaeleze wasomaji wangu habari za bwana huyu, na zaidi za chuo alichokiacha, maana vijana wetu wayajua matari ya Riyadha lakini hawajui yalikuja na vita gani.

Jina lake kamili ni Sayyid Saleh bin Alawi bin Abdalla, katika masharifu wa Jamalilleli. Asili ya jamaa hao ni Hadhramaut, lakini yeye alizaliwa Ngazija, katikati ya karne ya 19. Alikuja Lamu akiwa kijana, akafikia kwa ami yake, Sayyid Ali bin Abdalla, aliyekuwa mwalimu na mganga. Akasoma kwa wanazuoni wa mji, na mkubwa wao kwake alikuwa Sayyid Abubakar bin Abdulrahman, yule ambaye Waamu humwita Mwenye Mansabu, aliyeifasiri Maulidi ya Barzanji kwa Kiswahili. Huyu mwalimu tutamrudia, kwa sababu bila ya yeye pengine Riyadha isingekuwako.

Sasa ni lazima tuujue mji wenyewe ulivyokuwa. Lamu ilikuwa na elimu tangu zamani. Msikiti wa Pwani peke yake unahesabiwa tangu mwaka 1370. Lakini elimu ile ilikuwa mali ya nyumba. Mtoto wa kiungwana alisoma kwa baba yake au kwa ami yake, katika daka la nyumba ya mawe huko Mkomani, na vitabu vilirithiwa kama vile mashamba yalivyorithiwa. Mtumwa alifundishwa ya kumtosha kusimama katika sala, basi. Mzalia, mgeni wa kutoka bara, maskini wa Kihadhrami aliyeshuka jahazini hana kitu, hao wote walikuwa Waislamu, lakini fikihi, nahau na tafsiri hawakuzisogelea.

Habib Saleh alikwenda kukaa Langoni, upande wa kusini wa mji, mahali pa mchanga na vibanda vya makuti, akawafundisha watu hao hao. Hakuwateremshia darasa la chini ili awaridhishe. Aliwafungulia vitabu vile vile alivyosomeshwa yeye.

Mtu wa leo aweza kuliona jambo hili dogo. Halikuwa dogo. Utumwa katika pwani ya Kenya ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1907, na hata baada ya hapo watu wa mji walijua nani ni mtoto wa nani. Mtumwa akijua sheria ya Mungu atajua pia haki yake iko wapi, na bwana wake atamjibu nini? Waungwana waliomlaumu Habib Saleh hawakuwa wajinga. Walifahamu vizuri kabisa linalokuja.

Naye alikuwa na ngao moja ambayo mwingine asingekuwa nayo: alikuwa sharifu. Damu ile ile ambayo mji uliitukuza ndiyo iliyowafunga mikono waliotaka kumfukuza. Mimi huona hapa pana ajabu yake, kwamba aliyewapa heshima wasiokuwa na nasaba aliweza kufanya hivyo kwa sababu ya nasaba yake. Na baada yake masharifu wa Riyadha nao wakawa wakubwa wa mji, wakabusiwa mikono. Nalisema hili bila ya kumvunjia mtu heshima.

Kiwanja cha kujengea msikiti kilitoka kwa Mwenye Mansabu, aliyekitoa wakfu huko huko Langoni. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 Riyadha ilikuwa imesimama, msikiti na chuo pamoja. Jina lilitoka Seiwun, mji wa Hadhramaut, ambako Habib Ali bin Muhammad al-Habshi alikuwa na msikiti wa jina hilo na ribati yake. Ribati ni chuo cha mwanafunzi kulala. Hilo lilikuwa jipya kwa Lamu: mtoto wa Tana au wa visiwani hakuhitaji tena kuwa na jamaa mjini ili asome.

Kutoka kwa Habib Ali ndiko pia ilikotoka Maulidi ya Habshi, isomwayo kwa matari. Hapo ndipo mji ulipochafuka. Ngoma ndani ya msikiti! Barzanji walikuwa wakiisoma kwa utulivu wao, wameketi, na sasa Langoni wanasimama, wanayumba, na twari inalia. Waliosema ni bidaa walisema, na hata leo wapo wasemao. Mimi si mufti, nawaachia wenye elimu yao. Lakini nataka ikumbukwe kwamba matari yale yaliwaingiza msikitini watu ambao furaha yao yote ilikuwa katika ngoma za viwanjani. Walikuja kwa sauti, wakabaki kwa darsa.

Nimepata kulala pale siku kadhaa, si wakati wa maulidi, ila katika mwezi mtupu ambapo mji umerudi kwa wenyewe na punda wao. Huo ndio wakati wa kukiona chuo. Kabla ya alfajiri mtu hupita akigonga milango. Baada ya sala halka hukaa, mwalimu ameegemea nguzo, mwanafunzi anasoma matini kwa sauti na mwalimu anamkata kila irabu inapoteleza. Mimi niliyechapwa bakora chuoni kwetu kwa sababu ya Ajurrumiya nilijikuta nanyoosha mgongo. Mchana wanafunzi hufua kanzu zao, hupikiana, na hubishana juu ya masuala ya mirathi kama vile wengine wanavyobishana juu ya mpira.

Habib Saleh alipofariki, wanawe walikishika chuo, akiwamo Sayyid Ahmad Badawi, na wajukuu wakafuata. Waliosoma pale wametawanyika pwani nzima, na wengi wakafungua vyuo vyao. Mji wenyewe uliingizwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2001, na wageni wa kamera hupita Mkomani kutazama milango ya nakshi. Langoni hawafiki sana.

Lakini baada ya mwaka 2010 walifika watu wa kazi nyingine. Kwa msaada wa British Library ya London, miswada ya Riyadha ilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa ili isipotee kwa mchwa na chumvi. Ndani yake mna fikihi, nahau, dua na maulidi, vingine vimeandikwa kwa mkono kabla ya msikiti wenyewe kujengwa. Vile vitabu vya daka, vilivyokuwa vikirithiwa na nyumba chache, sasa viko Langoni, na vimetiwa alama ya wakfu kwa wanafunzi.